Mama Kanga wa Naenda-Narudi

Paukwa!

(Pakawa!)

Nani huyo anaitika huku anamenya viazi? Yulitha, weka kisu chini. Viazi havina miguu, havitakukimbia. Haya, tena. Paukwa!

(Pakawa!)

Eeh, sasa mmeitika kama watu waliokula. Hapo zamani za kale, wakati kuku na kanga bado wanasalimiana njiani, palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na kanisa la wanyama. Kuta zake matete. Paa lake nyasi. Kengele yake gogo lililooza katikati, na mpiga kengele ni Kigogota. Jumapili ikifika Kigogota anapanda gogoni, anakaza shingo, ko-ko-ko-ko-ko! Bonde zima linaamka.

Mchungaji wa kanisa hilo alikuwa Korongo. Mnamjua Korongo? Miguu mirefu, shingo ndefu, mahubiri marefu. Naye alihubiri amesimama kwa mguu mmoja. Wa pili ameukunja, ameuficha kwenye manyoya. Ukimuuliza, "Mchungaji, mbona mguu mmoja?" anakujibu, "Huu unahubiri. Mwenzake yuko likizo."

Sasa, juu ya kilima, pale ambapo ukisimama unaliona paa la kanisa, ndipo alipoishi Mama Kanga. Jina lake la ubatizo Perpetua. Mama mzuri huyo! Madoa yake safi, shingo yake bluu, moyo wake mweupe. Mumewe aliitwa Anselmi, mpole, mtaratibu, hana neno na mtu. Perpetua alikuwa na kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Kukaa. Kukaa alikuwa hakujui.

Mwenyekiti wa akina mama ni nani? Perpetua. Sauti ya kwanza kwenye kwaya? Perpetua. Kamati ya usafi? Perpetua. Kamati ya mapokezi? Perpetua. Kamati ya chai? Perpetua. Palikuwa hata na kamati ya kuunda kamati, na humo alikuwemo, tena ndiye aliyefungua kwa sala. Kutwa tipu-tipu-tipu anapanda kilima. Tipu-tipu-tipu anashuka kilima. Na anaimba:

*Nikae nina nini?*
*Nikae nina nini?*
*Kazi ya Bwana mbio,*
*nikikaa nitaota ukungu!*

Imbeni basi! Msiniachie peke yangu, mimi si kwaya.

(Nikae nina nini? Nikae nina nini?)

Vizuri. Wewe wa nyuma umeimba kama mlango, lakini vizuri.

Sasa sikieni. Perpetua alikuwa na jambo moja moyoni, na jambo hilo lilimuuma. Alitaka mtoto. Alitaka sana. Msimu wa mvua ulipokuja alitaga. Mayai yakawa viza. Msimu mwingine akataga. Viza. Mwingine tena. Viza, na harufu juu. Majirani wakasema ni kijicho. Wengine wakasema ni ukoo. Perpetua akalia mpaka shingo ya bluu ikawa kama imechovywa majini. Halafu akajipangusa, akasema, "Nimejua. Mungu hajanisikia kwa sababu sijamfanyia kazi ya kutosha. Nikiongeza kazi, ataniona."

Mama wee! Akaongeza kazi.

Basi mvua zikaja tena, na Perpetua akataga tena kwenye nyasi pale kilimani. Msiniulize mayai mangapi. Mayai ya mwenzio hayahesabiwi. Alitaga, akayatazama, akayapenda, akayakalia. Tii. Akatulia. Akapumua. Anselmi akatabasamu, akasimama njiani kulinda, maana Nguchiro alikuwa anapitapita pale akiulizia hali ya mayai kwa upole mwingi mno.

Perpetua alikaa. Alikaa mpaka umande ukakauka. Kisha akakumbuka: Sikukuu ya Mavuno! Mwaka huo kwaya ya Hondohondo inakuja kutoka ng'ambo ya mto. Na Hondohondo hao wana mama yao mmoja, Mama Hondohondo, mwenyekiti wa akina mama wa ng'ambo, ambaye inasemekana kanisani kwake sakafu inang'aa mpaka ukiinama unajiona meno. Perpetua akaruka.

"Naenda narudi, wanangu!" akayaambia mayai.

Tipu-tipu-tipu, huyoo!

Akafagia kanisa. Lilikuwa limefagiliwa. Akafagia ufagio. Aliporudi jua limeshavuka utosi, na mayai ni baridi. Akayakalia kidogo. Akakumbuka vikombe.

"Naenda narudi!"

Anselmi akamwambia, "Mama, si ukae? Vikombe vipo."

"Vipo, lakini havijahesabiwa."

"Na mayai?"

"Anselmi, mimi namfanyia Mungu. Mungu atayaangalia."

Anselmi angekaa mwenyewe, lakini alishawahi kujaribu na hakuna joto. Anselmi alikuwa baridi kama mtungi. Akabaki anamtazama mkewe anavyoteremka, na moyo wake ukasononeka, maana na yeye alikuwa anataka mtoto, ila hakuwa na mdomo wa kulia.

Sasa Perpetua si mjinga. Aliona mayai yanapoa. Akasema, "Nitatafuta mtu wa kunikalia." Fikirini! Anatafuta mtu wa kumkalia mayai yake, kama mnavyotafuta mtu wa kuwashikia foleni.

Akamkuta Chura kando ya dimbwi. Amekaa tu. Macho mbele.

"Shikamoo, Mzee Chura."

"Kwaa. Marahaba."

"Wewe unajua kukaa?"

"Ndiyo kazi niliyosomea."

Akampeleka kilimani, akamweka juu ya mayai. "Naenda narudi!" Tipu-tipu-tipu. Chura akakaa. Alikaa vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini Chura ametoka dimbwini. Mvua ya mwezi mzima iko tumboni mwake. Perpetua anarudi, anakuta mayai yanaelea, na Chura anaoga katikati.

"Toka! Toka! Ke-ke-ke-ke! Umeyafanya mboga?"

"Kwaa," akasema Chura. "Umeniambia nikae. Hukuniambia nikae mkavu."

Kesho yake akamchukua Nungunungu. Nungunungu ana heshima zake. Alibisha hodi kwenye kiota ambacho hakina mlango. Akajifuta miguu. Akasema, "Samahani, wanangu, naomba nipite." Akageuka, akaketi polepole. Kwa bahati njema mayai ya kanga yana ganda gumu. Kwa bahati mbaya Nungunungu ana miiba hata pale pa kukalia. Kila akishuka, yai linateleza, puu, linatoka pembeni. Analirudisha. Anashuka. Lingine, puu! Perpetua anarudi kutoka kamati ya chai anamkuta Nungunungu analia machozi.

"Mama, nimejitahidi kujilainisha, nimeshindwa!"

"Nenda kanywe uji, baba," akasema Perpetua. "Si kosa lako."

Ikafika Jumapili. Ko-ko-ko-ko-ko! Kigogota huyo. Perpetua siku hiyo anaongoza wimbo, na baada ya ibada kuna kikao, na baada ya kikao kuna mazoezi. Hana mtu wa kukaa. Akatazama huku, akatazama kule, akamwona Kima mtini anajichuna kupe.

Yulitha, usitikise kichwa. Najua. Kila mtu anajua. Lakini mwenye haraka hata mwizi humwita fundi.

"Kima, mwanangu, utanikalia?"

"Nitakaa, mama! Nitakaa kama jiwe!"

"Hutacheza?"

"Mimi? Kucheza? Mayai? Mama Perpetua, unanivunjia heshima!"

"Naenda narudi!"

Tipu-tipu-tipu. Kabla hajafika bondeni, Kima amekwisha kuchoka kuwa jiwe. Akachukua yai moja. Akalitazama. Akalirusha. Hop! Akalidaka. Akachukua la pili. Hop! Hop! La tatu. Hop, hop, hop! Lo, raha iliyoje! Akajirushia huku anajipigia makofi, na anayejipigia makofi mikono yake iko wapi? Haipo. Mawili yakaanguka kwenye nyasi laini, salama. La tatu likaanguka mteremkoni.

Biringi.

Biringi-biringi.

Biringi-biringi-biringi-biringi!

"Yai!" akapiga kelele Kima. Anselmi yuko njiani anamtolea macho Nguchiro. Anasikia kitu kinapita katikati ya miguu yake, fyuu! Anageuka. "Huyo si mwanangu?" Akaanza kukimbia. Kima nyuma yake. Nguchiro naye nyuma, anasema, "Nasaidia tu! Nasaidia tu!"

Chini kanisani Mchungaji Korongo yuko katikati ya mahubiri. Sungura wamesinzia. Nguruwe mwitu anakoroma lakini kwa heshima, anakoroma ndani kwa ndani. Perpetua yuko kwenye kwaya, lakini akili yake inapanga vikombe. Mara, paa! Mlango wa matete ukafunguka. Yai likaingia. Biringi-biringi katikati ya viti. Wanyama wakanyanyua miguu. "Ee!" "Ee!" "Ee!" Likapita kwa wazee wa kanisa. Likapita kwa watunza sadaka. Nyuma yake Anselmi ameingia na vumbi, Kima amemkanyaga Anselmi, Nguchiro amemkanyaga Kima. Yai linakwenda moja kwa moja kwenye jiwe la madhabahu. Kwaya yote imefumba macho.

Mchungaji Korongo akateremsha mguu wa pili.

Tap. Akalizuia kwa kidole.

Kanisa likasema, "Haaa!" Tangu awekewe mikono hakuna aliyewahi kuuona mguu ule. Nguruwe mwitu aliamka, akauona, akadhani ni kiama.

Korongo akainama. Shingo ile ikashuka, ikashuka, mpaka sikio likagusa ganda. Hata Kima aliacha kujichuna kupe.

"Hili yai ni baridi," akasema.

Perpetua alitoka kwenye kwaya. Sasa hakukumbuka vikombe, hakukumbuka ufagio, hakukumbuka Hondohondo. Aliogopa.

"Limekufa, Mchungaji?"

Korongo akasikiliza tena. Akasikiliza sana. Kisha akasema, "Njoo wewe mwenyewe."

Perpetua akaweka sikio. Hakuna. Hakuna. Halafu, mbali, kama mtu anayegonga kwa ukucha nyumba ya jirani:

Ti.

Perpetua akalia. Alilia mbele ya kanisa zima, wala hakujali. "Mchungaji, mimi kosa langu nini? Nimefagia. Nimepika. Nimeimba. Nimefunga. Nimemfanyia Mungu kazi mpaka mbawa zimenyong'onyea, ili anipe mtoto. Mbona hanipi?"

"Perpetua, mwanangu," akasema Korongo, naye alisema taratibu, miguu yote miwili chini, "amekwisha kukupa. Amekupa msimu ule, na ule, na ule. Lakini kila akija na joto lake anakuta umetoka. Umeacha ujumbe: naenda narudi."

Hakuna aliyecheka. Ila Kima, na Nungunungu akamwegemea kidogo, akaacha.

"Sasa nifanye nini?" akauliza Perpetua.

"Ukae."

"Nikishakaa nifanye nini?"

"Ukae."

"Kukaa tu? Jumapili hadi Jumapili? Na Sikukuu ya Mavuno? Nani atafagia? Nani ataonja chumvi? Nani atampokea Mama Hondohondo?"

"Mama Perpetua," akasema Korongo, "Mungu aliumba mbingu na nchi, na kamati yako ilikuwa bado haijaundwa. Alipomaliza akapumzika, tena hakuwa amechoka. Alipumzika ili atazame alichokifanya, aone ni kizuri. Wewe ulishawahi kukaa ukayatazama mayai yako ukaona ni mazuri?"

Perpetua akainamisha kichwa.

"Na kitu kingine," akasema Korongo. "Bwana aliwaambia watu wawatazame ndege wa angani, hawapandi wala hawavuni, na Baba anawalisha. Sasa watu hao wakija kututazama hapa bondeni, wakakukuta wewe na ufagio, watajifunza nini?"

Hapo kanisa lilicheka mpaka matete yakatikisika. Perpetua naye akacheka, machozi bado shingoni. Akalichukua yai chini ya bawa, akapanda kilima. Safari hii hakukimbia. Alitembea.

Akakaa.

Oooh, siku za kwanza! Alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Mguu mmoja unataka kwenda. Mguu wa pili unauliza twende wapi. Jani likidondoka anataka kulifagia. Akaanza kuimba, "Nikae nina nini?" akajikuta anajibu mwenyewe, "Nina mayai." Akashangaa. Tangu ameanza kuuimba wimbo ule hakuwahi kuujibu.

Jioni Anselmi anakuja na mbegu na panzi. Mwanzoni Perpetua anauliza, "Kikao kimekwendaje?" Anselmi anasema, "Sijui, sikwenda. Nimekuja kukaa na wewe." Basi wanatazamana. Tangu waoane, wenzangu, hawajawahi kuzungumza jambo lisilo na ajenda. Siku moja Anselmi akakohoa, akasema, "Kitendawili."

"Anselmi, sisi watu wazima."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

Akatega. Perpetua akakosa, akampa mji, akapewa jibu, akacheka. Akatega yeye. Anselmi akakosa makusudi. Mvua ikanyesha, wakaisikiliza. Siafu wakapita na mizigo yao, Perpetua akawaambia, "Poleni kwa kazi," wala hakuwafuata. Na usingizi! Usingizi ulimjia mchana kweupe, akalala na mdomo wazi, akaamka akaona aibu, akatazama huku na huku, hakuna aliyekufa kwa sababu yeye amelala.

Mwezi ukaisha, mwingine ukaandama, na Sikukuu ya Mavuno ikafika.

Ko-ko-ko-ko-ko! Perpetua alishtuka juu ya mayai. Akanyoosha shingo. Kutoka kilimani anaona kila kitu, na afadhali asingeona! Kanisa halijafagiliwa. Kima ndiye kamati ya mapokezi, amevaa maganda ya ndizi kichwani. Kwaya inaanza. Sauti ya kwanza imepotea, imeingia ya tatu, imegongana na ya nne, zote zimeanguka shimoni kwa pamoja. Halafu upepo ukageuka.

"Wali," akasema Perpetua. "Anselmi! Wali unaungua!"

"Nasikia harufu," akasema Anselmi, katulia.

"Unaungua, na Mama Hondohondo anafika! Atasema nini? Atasema kwetu hakuna wanawake! Nashuka mara moja. Nakoroga tu. Nae..."

Akanyanyua upande mmoja. Baridi ikaingia chini ya bawa. Na kutoka chini ya bawa: ti. Ti-ti.

Perpetua akasimama hivyo hivyo, nusu juu, nusu chini. Jamani, nani asiyepajua pale aliposimama? Wali unaungua kule, mtoto anagonga huku. Akaitazama njia ya bondeni. Akafumba macho.

"Bwana," akasema, "wali ni wako. Nakuachia."

Akashuka juu ya mayai. Akakaa. Tii.

Na bondeni kweli wali uliungua, na wageni kweli walifika. Hondohondo wakatua, fuu, fuu, fuu, midomo mikubwa, makoti meusi. Wote wanaume. Wanyama wakatazamana.

"Karibuni," akasema Kima, ganda likamdondokea puani. "Mbona akina mama hatuwaoni? Mama Hondohondo yuko wapi?"

"Anawasalimu sana," akasema mkubwa wao. "Yuko nyumbani, ndani ya mti. Anaatamia. Sisi wake zetu wakishaingia kuatamia, tunaukandika mlango kwa udongo, tunaacha tundu la kupitishia chakula tu. Hatoki mpaka watoto wamepata manyoya. Hata askofu akija, hatoki."

"Na sakafu ya kanisa lenu inayong'aa?"

"Sakafu gani? Kwetu ni vumbi tupu."

Wee! Kima alicheka akaanguka chali. Nungunungu alicheka akamchoma Chura. Nguruwe mwitu aliukimbiza ujumbe ule kilimani anakoroma kwa furaha: "Mama Perpetua! Mama Perpetua! Mwenzio kapigiwa udongo! Kakandikwa mlango! Sakafu ni vumbi!" Perpetua alisikia, kisha akaanza. Ke. Ke-ke. Ke-ke-ke-ke-ke! Alicheka mpaka mayai yakacheka chini yake. Hofu ya miezi yote ile, ya nini? Ya sakafu isiyokuwepo!

Ibada ilipokwisha Mchungaji Korongo akasema, "Wapendwa, wali umebaki ukoko. Na mtu aliyezoea kutuhudumia amekaa kule juu. Twendeni tukamtembelee." Wakapanda kilima wote na sufuria lao. Wakakaa kwenye nyasi. Hakuna aliyepanga mstari. Hakuna aliyehesabu vikombe. Wakatafuna ukoko, kwaru-kwaru-kwaru, na nyie watoto mnajua ukoko ulivyo mtamu kuliko wali wenyewe. Hondohondo wakaimba, wengine wakaitikia wapendavyo. Korongo alikaa kitako, miguu yote miwili imenyooshwa mbele kama vijiti vya kukokea moto, na hakuhubiri hata neno moja.

Anselmi akala ukoko wake, akajifuta mdomo, akasema, "Kitendawili!"

Kilima kizima kikaitika, "Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango!"

Watu wote wanakijua hicho. Hata mtoto wa jana anakijua. Wote wakafungua midomo, lakini wakamwachia Perpetua, maana ni cha kwake.

"Ni yai," akasema Perpetua. Akainua bawa polepole, akatazama chini. "Lakini Anselmi... mbona naona mlango unafunguka?"

Ti-ti. Ti-ti-ti. Kwachu!

Ganda likapasuka. Kikatoka kidomo. Kikatoka kichwa kimelowa. Kifaranga kikajisukuma, kikaanguka, kikasimama, kikayumba, kikawatazama wanyama wote wa bonde lile. Nyie, kwani kifaranga huyo ndani ya ganda lake alikuwa amesikia neno gani kuliko mengine yote? Akafungua mdomo, akasema neno lake la kwanza duniani:

"Naenda narudi!"

Tipu-tipu-tipu, huyoo anaondoka!

Kilima kililipuka kwa kicheko. Lakini Perpetua hakucheka mara moja. Alinyoosha bawa, akamdaka mwanawe kabla hajafika mteremkoni, akamrudisha kifuani, akamfunika. Machozi yakamtiririka.

"Huendi popote, baba," akamwambia. "Leo ni Jumapili. Keti na mama yako."

Kifaranga akahangaika kidogo, mguu huku, mguu kule. Kisha akasikia joto. Akatulia. Na ganda la pili likaanza: ti.

Basi, wenzangu, maana yake ni hii, nitaisema waziwazi maana kuna watu hapa wanajifanya hawakuelewa, tena mmoja ameshika kiazi. Kupumzika si uvivu. Mungu hakutuumba tumsaidie kuchoka. Alitupa siku ya kazi tukafanye, akatupa na siku ya kukaa, kucheka, kutegana vitendawili na kula ukoko, kwa sababu kuna baraka ambazo hazimfuati mtu mbio. Zinataka zimkute nyumbani, tena ameketi. Fanya kazi yako, lakini usiache mayai yapoe.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi nimeishia hapo nayo: naegemea ukuta huu, nafumba macho, na asiniamshe mtu mpaka Kigogota apige. Yulitha, acha viazi, njoo ukae.